Ng'ombe wa Pili wa Kompyuta

Hakuna anayejua maksai wa kulimia, Usangu nzima, kumzidi Shigela, isipokuwa mmoja anayesimulia hapa, ambaye adabu inamkataza kujitaja. Lakini Shigela huyohuyo, mwaka jana, alimuuza Dereva, maksai aliyekuwa akivuta jembe pamoja na mwenzake Konda, bila kuuliza swali hata moja. Binti yake Ng'washi alitaka ada ya kozi ya miezi mitatu ya kuandika programu za kompyuta, Mbeya mjini. Tangazo liliahidi kazi kabla jasho la mtihani halijakauka.

Ng'washi akamaliza. Akaomba kazi Mbeya, akaomba Iringa, mpaka simu ikachoka. Wote walitaka mwenye uzoefu. Kisha Junaid, mkuu wa kozi, kijana wa viatu vyeupe, akampigia: bado hatua ya pili, hiyo ndiyo yenye ajira.

Hatua ya pili maana yake Konda. Akiuzwa naye, shamba la mpunga litalimwa kwa kucha. Tayari Konda alikuwa amefungwa mnadani Igurusi, mnunuzi anamkodolea macho, ndipo akili zikamrudia Shigela. Maksai hanunuliwi kwa maneno. Anafungwa nira, anavuta mtaro mmoja, watu wanaona. Akamwambia mnunuzi asubiri, akapanda basi na binti yake mpaka ofisini kwa Junaid.

"Mwanangu, nionyeshe mmoja uliyemfundisha, nimwone anavuta."

"Anavuta nini, mzee wangu?"

"Kazi."

Junaid akacheka, akamwita mwalimu. "Huyu hapa, Anyitike. Katoka mikononi mwetu, na ameajiriwa."

"Na nani?"

Anyitike akainamisha kichwa. "Hapahapa, baba. Nafundisha."

"Yaani unawafundisha wenzako waje wafundishe wenzao." Shigela akamzunguka kama anayekagua kwato. "Maksai mzuri. Ila anazungushwa mnadani tu, shambani hajafika."

"Mzee, sisi tunauza ujuzi. Ajira hatuuzi."

"Ungesema hivyo wakati unamla Dereva!"

Ng'washi alitamani sakafu immeze, kisha kicheko kikamshinda. "Baba, kuandika najua kweli. Ninachokosa ni mteja, si hatua ya pili. Konda asiuzwe."

Waliporudi Igurusi, mnunuzi alinuna, Konda akafunguliwa.

"Mteja nimekupatia," Shigela akasema. "Ni mimi. Hiyo kompyuta inaweza kumrudisha Dereva?"

"Haiwezi, baba."

"Basi shika kamba ya Konda, mtaalamu."