Sindano Isiyo na Dawa

Siku isiyonitoka akilini, mwanangu, ni ile niliyomwambia mganga kwamba hajui kazi yake, kumbe asiyejua nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na ushei, dereva wa lori kubwa. Nikilala nyumbani siku tatu, miguu huniwasha. Hata leo nikisikia breki za lori zikipumua, moyo wangu unaondoka nalo. Lakini nilikuwa na kipandauso, kile kichwa kinachouma upande mmoja hadi nyuma ya jicho, nacho nilikificha. Dereva akisema anaumwa kichwa, nani atampa lori? Nikawa nameza vidonge vya kando ya barabara, na kadiri nilivyomeza ndivyo kilivyorudi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Asubuhi moja kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, nusu ya lori lililokuwa mbele yangu ilifutika machoni, nikaligonga. Hakuumia mtu. Bosi alinyoosha mkono, akachukua funguo.

"Upone kwanza," alisema. "Lori haiendeshwake na jicho moja."

Daktari alinipima, akanituma kliniki ya Kasapa kwa kine, mtaalamu wa misuli. Nikakuta kine mwenyewe ni msichana mdogo. Akashika sindano nyembamba kama unywele. Nikatazama: haina bomba, haina kitu ndani. Na sisi watu wa Lubumbashi, mwanangu, sindano tunaiheshimu kwa sababu ya dawa. Dawa hiyo ikiwa ya rangi, tunaiheshimu zaidi.

"Dawa iko wapi?"

"Papa, dawa haina. Shingano yenyewe njo inatumika."

"Miye nitobolewe bule? Na tena kichwa njo inaniuma, weye unashika shingo!"

Nikavaa shati, nikaondoka.

Shangazi yangu, Tantine Feliste, aliyenilea, alikuwa akisonga bukari, ugali wetu. Nilimsimulia nikicheka. Hakugeuka.

"Weye njo ulisomaka kinganga?" aliniuliza. "Unamezaka bidonge sawa kuku na mahindi, hauulize. Mutoto ya bantu anakufasiria muzuri, unakimbia. Siku utaua mwenzako mu barabara, utaambia bibi yake nini?"

Kicheko kilinikaukia. Kesho yake nilirudi, nikaomba radhi.

"Shingo yako iko sawa mbao, Papa," alisema yule binti, akitafuta kwa kidole chini ya fuvu. Akachoma. Mwanangu, msuli uliruka wenyewe, kama samaki aliyeguswa majini! Na maumivu niliyoyajua, yaleyale, yakawaka nyuma ya jicho langu. Sindano iko shingoni, jicho ndilo linalojibu.

"Ni pale?" aliuliza.

Nililala kifudifudi, mtu mzima, machozi yakinitoka, si kwa uchungu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikishika kichwa, na mwizi amekaa shingoni, mahali ninapolaza mto kila siku. Nani aliusuka mwili huu?

Sitakudanganya: shingo iliniuma siku mbili, nikarudi mara kadhaa, na kipandauso hakikuisha. Lakini kilianza kuja mara chache, kikiwa kimepungua makali. Vidonge nilivipunguza kama daktari alivyoniagiza, nikafundishwa kwamba nikirudi barabarani niwe nasimamisha lori na kunyoosha shingo. Miezi mitatu ikapita kabla bosi hajanirudishia funguo, na alikaa kando yangu safari nzima ya kwanza, akiniangalia macho.

Basi nisikilize, wewe unayeanza udereva. Ugonjwa usiufiche kwa kuogopa kupoteza kazi. Kazi inayosubiri uanguke si mlinzi wako. Usikiite kitu bure kwa sababu hukielewi: uliza, kisha ngoja jibu. Na anayejua akiwa mdogo kwako, keti ufundishwe. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe barabara ndefu na kichwa chepesi, na kila anayekuja mbele yako afike kwao salama.