Mama Mwiko na Suruali ya Kiboko

Kwa miaka kumi na moja mpishi wa shule ya chekechea, ambaye watoto humwita Mama Mwiko, alimsikia mwalimu akisoma vitabu vya picha upande wa pili wa ukuta, na kwa miaka hiyo yote hakuacha kumkosoa.

"Msikie, anakatakata kama ana mfupa kooni," alikuwa akimwambia wifi yake, anayeosha vyombo mle mle jikoni. "Mimi darasa la saba nilisoma mbele ya mkaguzi, akapiga makofi."

"Makofi hayo tumeyala mpaka yamechacha, wifi."

Jumatatu moja sauti ya mwalimu ikakauka kabisa. Alikuja jikoni, akaonyesha koo, akanyoosha kitabu. Mama Mwiko alikipokea kabla hajaombwa.

"Haya," wifi akasema, povu mpaka viwikoni. "Wasipocheka, kuanzia leo mwache mwalimu wa watu apumue."

"Wasipocheka, na sufuria zote nitaosha mimi."

Watoto ishirini na wawili walikaa mkekani. Mama Mwiko alijitupa kwenye kiti chao kidogo, nusu yake ikabaki hewani. Akavaa miwani, akanyoosha mgongo, akainua kitabu mpaka kikamfunika uso, kama alivyofunzwa zamani zile. Akasoma habari za kiboko aliyekwenda kununua suruali. Hakuruka hata nukta. Mkaguzi angelia.

Watoto hawakucheka. Mmoja akapiga miayo. Mwingine akaanza kufungua kamba za viatu vya jirani yake. Dirishani wifi alikuwa amejaa tele, meno yote nje.

"Mama Mwiko," akasema kasichana ka mbele kenye pengo, "kiboko yuko wapi?"

"Si ndiye huyu ninayemsoma!"

"Sisi hatumwoni. Unamwangalia peke yako."

Darasani kwao zamani kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto sita, na picha hakikuwa nayo hata ya kulumangia. Sauti ya mwalimu aliisikia miaka kumi na moja. Kumwona akisoma, hakumwona hata siku moja. Kumbe ule mfupa wa kooni ulikuwa ni mwalimu kunyamaza ili watoto watazame!

Akakigeuza. Sasa watoto wanaona, yeye haoni. Akachungulia kwa juu. Herufi zote zimesimama kwa vichwa, na miwani ikamponyoka, ikatua puani kwa kiboko.

"Kiboko akavaa... kofia," akabahatisha.

"Suruali!"

"Suruali, nilijua. Akaivaa vizuri miguuni..."

"Kichwani, Mama Mwiko! Ameivaa kichwani!"

"Kichwani? Mbona mimi naona kapendeza?"

Mkeka mzima ukaanguka kwa kicheko. Kurasa mbili za kwanza alikosea kweli. Zilizobaki, hata yeye mwenyewe hawezi kuapa.

"Wamekucheka wewe, si kiboko," wifi alimwambia aliporudi jikoni.

"Ulisema wacheke. Hukusema wamcheke nani. Osha sufuria."

Wiki iliyofuata sauti ya mwalimu ilirudi, pamoja na kukatakata kwake. Alisoma mstari, akanyamaza. Wifi akamgeukia Mama Mwiko, akasubiri mfupa wake wa kila siku.

"Hebu punguza kelele za masufuria," Mama Mwiko akasema, mwiko umesimama hewani. "Sasa hivi anawaonyesha picha."