Simu Haina Mkono

Halmashauri ya mji wa Hinokawa inawahurumia wazee wake, hilo lazima tulikubali. Ilijua kwamba wengi wao hawaoni vizuri, hawasikii vizuri, na vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi. Basi ikakaa, ikatafakari, ikakunywa chai, ikaona njia nyepesi ya kuwapatia dozi ya tatu ya chanjo ya korona ni kuwaambia waombe miadi kwenye mtandao. Na wasioujua mtandao? Hao nao hawakusahauliwa, jamani. Waliwekewa namba ya simu. Namba moja, mji mzima.

Bi Shizue Nagatomi alikuwa miongoni mwa hao wa namba moja. Majira yale ya baridi alikuwa na miaka themanini na mbili, simu ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na mume aliye upande wa pili wa kioo.

Mumewe, Mzee Masakatsu, alihamia nyumba ya kulelea wazee pale akili ilipoanza kumtoka. Korona ilipoingia nchini Japani, milango ya nyumba ile ikafungwa. Tangu hapo Bi Shizue akawa anasimama bustanini kwenye upepo, mzee anasukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka dirishani, wanapungiana mikono kama watu wanaoagana stesheni na treni haiondoki. Mwanzoni mzee alikuwa akicheka na kugonga kioo kwa ukucha. Baadaye akaacha kugonga. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule alimtazama mkewe, akainamisha kichwa kwa adabu, vile mtu anavyomwinamia mgeni aliyekosea nyumba. Bi Shizue naye akainama, maana angefanyaje? Akarudi kwake, akachemsha tambi, akazitazama mpaka zikapoa.

Ndipo nyumba ya wazee ikatoa tangazo: mwezi wa tatu ukianza, mke au mume mwenye dozi ya tatu ataruhusiwa kuingia ndani. Ataketi dakika kumi na tano. Kushika mkono, ruksa. Bi Shizue alilisoma tangazo lile kwa miwani, akalisoma tena bila miwani. Mume alikuwa akimsahau kidogo kidogo, na kioo hakikumsaidia. Alitaka kufika kabla hajasahaulika kabisa.

Sasa, kila asubuhi wazee wa mtaa hukusanyika kwenye uwanja wa hekalu kufanya mazoezi ya viungo yanayotangazwa redioni. Wananyoosha mikono, wanazungusha viuno vilivyobaki. Mazoezi yenyewe ni mafupi. Kazi kubwa ni maneno yanayofuata, na msimu ule neno lilikuwa moja tu: wewe umepata lini?

"Mimi nimepata nafasi mbili," alisema Bi Kikuyo, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye hata kikohozi chake hukisimulia kama safari ya ng'ambo. "Mkwe wangu kagusa simu yake hivi na hivi, kwisha. Moja ukumbi wa shule, nyingine kwa daktari pale karibu na stesheni. Siku hiyo hiyo, shoga! Nitaamua nikiamka, nione hali ya hewa."

"Mbili za nini, Bi Kikuyo? Una mabega mangapi?" aliuliza Yaguchi, kinyozi.

"Wivu huo. Ukumbini wana chanjo ya kampuni ile nyingine, nasikia inachosha mwili. Kwa daktari wana ile nzuri. Mtu lazima achague."

"Mimi sikuchagua lolote," alisema kinyozi, na kusema kweli hakuwa anaitaka hiyo chanjo hata kwa dawa. "Nilitoka jioni kununua tofu, ile jibini ya soya. Daktari yuko mlangoni anachungulia njia kama anasubiri teksi. Ananiita, 'Yaguchi, njoo, njoo, imebaki moja, tutaimwaga!' Nilitoka kununua tofu, nikarudi nimechanjwa. Tofu yenyewe nikaisahau."

Wakacheka. Aliyepewa kapewa. Bi Shizue naye alicheka, kwa adabu, mkono mdomoni.

"Na wewe, Bi Shizue?"

"Mimi bado napiga simu."

"Unapiga simu!" Bi Kikuyo alishika kifua. "Maskini. Si ungesema, mkwe wangu angekufanyia!"

Kweli, angesema. Lakini Bi Shizue alikuwa mtu wa kizamani, na kwa watu wa namna yake kumsumbua mtu ni kosa lililo karibu na wizi. Binti yake Chizuru, aliyeishi Osaka na kuchanjwa kazini kwake bila hata kuinuka kwenye kiti, alikuwa amempigia mara mbili. "Mama, nikuombee miadi?" Na mama alijibu vile vile mara zote mbili: "Hapana mwanangu, una kazi nyingi." Kisha akakata simu, akaendelea kuisumbua namba ya halmashauri, ambayo ilikuwa haisumbuliki.

"Kwa sasa laini zote zinatumika. Tafadhali piga tena baadaye." Sauti ya kike, laini kama mochi, andazi lao la mchele, haichoki wala haikasiriki. Bi Shizue alipiga kabla ya chai na baada ya chai. Alipiga akiwa amekaa, akapiga amesimama, kama kwamba kusimama kungeonekana kule. Mwishowe akazoeana na ile sauti, akawa anaiitikia: "Asante, pole na kazi."

Siku moja, Bi Shizue akiwa ameibana simu begani huku akimenya figili, ikaita kweli. Binti akapokea. Binti mzima, mwenye mafua.

"Halmashauri ya Hinokawa, kitengo cha chanjo."

Kisu kikaanguka. Bi Shizue akapiga magoti mbele ya simu, akataja jina lake, akataja namba ya hati yake ya chanjo, akaomba radhi kwa usumbufu, akaomba radhi tena.

"Nafasi iliyopo ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Tukuwekee, Bibi?"

Bi Shizue moyo ukamjaa. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akajibu kwa heshima zake zote:

"Kekko desu."

Hapa ndipo nilipocheka mimi nilipohadithiwa, kisha nikaona haya kwa kucheka. Hilo neno kekko, maana desu ni la kulitia heshima tu, lina sura mbili. Upande mmoja ni "vyema kabisa." Upande wa pili ni "imetosha, usijisumbue." Ni kama mtu wa kwetu akikaribishwa chakula akajibu "ahsante": asiyemjua atampakulia, amjuaye atafunika sufuria. Mzee Masakatsu alilisema neno hilo maisha yake yote ya ndoa, kila jioni, na hakuwahi kufafanua. "Niongeze chai, Baba Chizuru?" "Kekko." Bi Shizue hakuwa akimsikiliza, alikuwa akimtazama mkono. Mkono ukifunika kikombe, basi imetosha. Mkono ukitulia pale pale, anamimina. Miaka hamsini na kitu, na hawakuwahi kukosana kwa chai.

Lakini simu haina mkono. Na binti wa mafua alikuwa wa siku hizi, wale ambao kekko yao wanaitumia kuwakatalia wauzaji wa bima.

"Aa, haya Bibi. Samahani kwa kukusumbua," akasema, akakata.

"Binti mwenye adabu kweli," alijisemea Bi Shizue, akaokota kisu chake.

Jumanne ikafika na upepo wake. Bi Shizue akavaa fulana ya mikono mifupi ndani, ili bega litoke upesi asimcheleweshe mwuguzi, na juu yake masweta matatu. Mabibi wengine walikuwa wamevaa vivyo hivyo, ukumbi mzima watu wanajimenya kama vitunguu. Akapanga foleni. Akafika mezani. Kijana wa halmashauri, mwenye kizibao cha kijani na sura ya mtu aliyekabidhiwa nchi, akabonyeza, akakunja uso, akabonyeza tena.

"Bibi, jina lako halipo."

"Nagatomi Shizue. Saa nne."

"Uliwahi kupiga, ndiyo. Lakini hapa imeandikwa, 'Mhusika alikataa.'"

"Nilikataa?"

"Ulikataa."

"Mimi nilisema kekko desu!"

"Ndiyo hiyo, Bibi," alisema kijana kwa upole wa kuudhi. "Ulikataa."

Lo! Bi Shizue alihisi uso unawaka chini ya barakoa. Nyuma yake foleni ikaanza kukohoa kikohozi cha heshima, kile kinachomaanisha toka. Kijana akamshauri, kwa ukarimu, apige tena ile namba. Miadi ijayo huenda ikapatikana mwezi wa nne. Bi Shizue akahesabu moyoni: mwezi wa nne huyu mume atakuwa ananiinamia tu. Akamshukuru kijana. Ndiyo, alimshukuru! Akaokota masweta yake, akaenda kwenye kiti cha ukutani kuyavaa, na mikono haikuyaona matundu kwa machozi.

Ndipo mwuguzi akasikika akiita. "Kuramochi Kikuyo! Bi Kuramochi Kikuyo!" Akaita tena, akazunguka na trei. Bi Kikuyo hakuwepo. Bi Kikuyo alikuwa ameamka, akaona hali ya hewa, akaenda zake kwa daktari wa stesheni kuchomwa ile nzuri, na hii nyingine hakuona sababu ya kuifuta. Kichupa kilikwisha kufunguliwa, na kikifunguliwa hakilali.

"Kuna mtu anaihitaji hii?" mwuguzi alimwuliza kijana wa kizibao. Naye, sijui ni dhamira iliyomchoma au ni kutaka kiti cha ukutani kiwe wazi, akamwonyesha yule bibi mwenye masweta. Mwuguzi akamsogelea, akachutama.

"Bibi, samahani, imebaki dozi moja. Ungependa tukuchome wewe?"

Adabu ya miaka themanini na mbili ikampanda Bi Shizue kooni. Ke, likasema koo lake. Kek... Mwuguzi akaanza kuinuka.

"NATAKA!"

Ukumbi ukageuka. Mzee mmoja akaangusha fimbo. Bi Shizue hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya watu tangu azaliwe, na kwa kuwa lilikuwa limekaa muda mrefu, lilitoka lote. "Nataka! Nichome! Nichome sasa hivi, nakuomba, bega hili hapa!" Na akavua masweta yote matatu kwa mpigo, kibanio cha nywele kikaruka.

Kesho yake uwanjani Bi Kikuyo alisimulia sindano yake kwa kirefu, jinsi daktari alivyomsifu mishipa. Bi Shizue, bega likimuuma na homa kidogo mwilini, akamwinamia mpaka chini.

"Asante sana, Bi Kikuyo, kwa kuwa na miadi miwili."

Bi Kikuyo hakuelewa, lakini sifa ni sifa, akapokea.

Mwezi wa tatu ukaingia. Bi Shizue akapimwa joto mlangoni, akanyunyiziwa dawa mikononi, akapelekwa chumbani na mhudumu kijana mwenye saa ya kengele shingoni. Mzee Masakatsu alikuwa kitini karibu na dirisha, lile lile, akitazama bustani. Bila shaka alikuwa akimsubiri yule mama wa nje.

Bi Shizue akaketi, akamshika mkono. Alikuwa amepanga maneno mengi. Mzee akamtangulia.

"Mkono wako wa baridi," alisema mzee. Kisha, kwa sauti ya adabu ambayo hakuwahi kuitumia nyumbani: "Samahani, wewe ni nani vile?"

Swali hilo lilimuuma kuliko sindano. Alikuwa amechelewa, halmashauri na simu yake na kekko yake mwenyewe, vyote vimemchelewesha.

"Ni jirani tu," alisema. "Nimekuchosha. Niende, upumzike?"

"Kekko," alisema mzee.

Bi Shizue akatazama chini. Mkono wa mumewe ulikuwa umefunga vidole juu ya vyake, na kidole gumba kilikuwa kikigonga polepole kwa ukucha, kama kilivyokuwa kikigonga kioo.

Hakwenda. Wakakaa bega kwa bega, wakitazama bustani isiyo na mtu, mpaka ile kengele ikalia na mhudumu akachungulia.

"Bibi, muda umekwisha. Tuishie hapa kwa leo?"

"Kekko desu," alijibu Bi Shizue, akamwinamia vizuri kabisa, na hakuinuka kitini.

Kijana akabaki mlangoni na kengele yake, hajui amejibiwa nini.