Ishirini na Nane kwenye Kona ya Nepia

Hasira ya Kathambi ilianza Jumanne, na kufikia Jumamosi ilikuwa imeiva kama ndizi zilizofunikwa kwa gunia. Haikuwa hasira ya kupiga kelele. Ilikuwa ile ya kufanya kazi: alisugua chuma kwa tupa mpaka kikang'aa kupita haja, akakaza nati zilizokuwa zimekazwa tayari, na aliyemsalimu alijibiwa kwa nyusi.

Kathambi alikuwa fundi wa kuchomelea karibu na soko la Kianjai, mwanamke wa miaka thelathini kasoro mmoja, mwenye mikono yenye madoa ya cheche na mdomo ambao mama yake aliuombea kila Jumapili bila mafanikio. Ufundi aliupata Siakago, kule chini Mbeere kwenye joto, kwa mzee aitwaye Kithaka. Kithaka hakuwa na cheti. Alikuwa na tabia. Akimaliza geti, kabla mteja hajaitwa, alilipanda mwenyewe, akaning'inia, akabembea kama tumbili mwenye kitambi mpaka kitu kivunjike au yeye achoke. Kikivunjika alifurahi. "Afadhali mimi," alisema, kisha akawasha mashine na kuchomelea upya. Kathambi alikaa kwake miaka miwili, akarudi Meru na tabia hiyo hiyo, ndiyo maana kule Kianjai vitanda vyake vilijulikana kuwa vimerukiwa na fundi kabla ya maharusi.

Sasa kaka yake, Muthomi. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole wa kuudhi, wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mwaka jana alipanda boda iliyombeba yeye, mtungi wa gesi na magodoro mawili. Upepo ukayashika yale magodoro, na nyonga yake ya kushoto ikapatikana vipande vitatu. Siku hizi ana vyuma ndani. Kupanda pikipiki hawezi, miguu haipanuki. Kuketi wima robo saa ni jasho. Lakini akilala nusu, kama mtu anayetazama mpira kwenye kochi, anaweza kukaa mpaka jioni.

Shule yake ilikuwa kilomita tano kutoka nyumbani, na yeye alikuwa mwalimu wa bodi, yaani yule anayeajiriwa na bodi ya shule, ambaye nafasi yake haina mizizi. Mwalimu mkuu alikuwa amemvumilia muhula mzima. Kisha akatuma ujumbe: Jumatatu shule inafunguliwa, Mwalimu asipokuwepo, gredi ya sita itapata mwalimu mwingine. Hakuna matusi katika ujumbe kama huo. Kathambi aliusoma mara nne akitafuta tusi, akakosa, ikamuuma zaidi.

Basi akaunda kigari. Magurudumu mawili ya baiskeli mbele, moja nyuma likizungushwa na injini ya pikipiki kuukuu. Dereva halikalii dude hilo, analilalia: miguu mbele, mgongo kwenye kiti kilichosukwa kwa vipande vya tyubu, makalio shubiri mbili kutoka ardhini. Usukani ni vishikio viwili kando ya mapaja. Nyuma ya kichwa alichomelea keria ndogo ya kuwekea magongo ya Muthomi na madaftari ya wanafunzi, na kando ya keria akasimamisha ufito wenye bendera iliyokatwa kutoka shumizi nyekundu ya mama, ili lori likija limwone mtu aliye chini namna ile.

Jumanne alipokitoa barabarani mara ya kwanza, Mzee Mutugi, mwenyekiti wa stage ya bodaboda, alikizunguka mara mbili akiwa ameshika kiuno.

"Baite, wenzangu, hili ni jeneza," alisema. "Limekosa kifuniko tu."

Stage nzima ikacheka. Aliyeshindwa kucheka ni Muthomi, kwa kuwa ndiye angelazwa humo.

Hapo ndipo hasira ilipoanza. Kathambi alienda kupima.

Njia ya shuleni ina kona moja mbaya, inayokata kushoto mahali palipooteshwa nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, kando ya barabara. Watu huiita kona ya nepia, na ajali zake zinajulikana kwa majina. Kathambi aliipima kwa kamba ya mkonge, akapata duara la hatua kumi. Akaenda nayo kwenye kiwanja cha soko la mbuzi, ambacho siku isiyo ya soko ni kitupu na kigumu kama sakafu, akapigilia kigingi, akachora duara kwa majivu. Simu iliyokuwa ikionyesha mwendo akaifunga pajani kwa mpira. Gurudumu la kushoto, lile la ndani ya kona, akalipaka chokaa mbichi.

Chokaa ndiyo iliyokuwa akili. Gurudumu likigusa ardhi, linaandika mstari mweupe. Likinyanyuka, mstari unakatika. Mtu anaweza kubishana na fundi, na hasa fundi akiwa mwanamke, lakini atabishana na mstari?

Alizunguka kwa kilomita kumi na tano kwa saa, mstari mzima. Ishirini, mzima. Ishirini na tano, mzima, ila shingo ilianza kuvutwa. Ishirini na nane, mstari ukakatika vipande kama mshono wa mwanafunzi. Thelathini, kigari kikamtupa, akachubuka kiwiko. Akarudia thelathini ili ajue kama ni bahati mbaya. Haikuwa. Akarudia tena, safari hii akiegemea ndani kwa mabega, akaanguka vizuri zaidi.

Jioni ya Ijumaa alimwambia kaka yake, "Kinanyanyuka ishirini na nane. Wewe utapita ishirini. Si ishirini na moja. Ishirini."

"Kwa hiyo nina akiba ya nane," Muthomi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana akatabasamu kwa kitu chenye namba.

Jumamosi ikawa zamu ya Muthomi mwenyewe. Mpango ulikuwa mwepesi: aondoke nyumbani saa tatu asubuhi, ateremke hadi kona, apite kwa ishirini. Kathambi alitangulia kusimama pale kwenye kona, akiwa na kopo la chokaa na mfuko wa spana, kama mtu anayengoja mgeni wa heshima.

Akasikia injini. Akaona shumizi inakuja juu ya nepia. Kisha kigari kikatokea, Muthomi chini na kofia yake ya chuma, na nyuma ya kichwa chake kitu kikubwa, kirefu, cha kijani, kama mlima unaomfukuza. Kathambi hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Kona ikaanza, gurudumu la kushoto likapaa, likabaki hewani likizunguka polepole, na kigari kizima kikalala upande wa kulia ndani ya nepia.

Alifika mbio. Muthomi alikuwa hai, ubavuni, upande ule mzima, Mungu asifiwe kwa hilo. Mkono ulikuwa na michubuko na uso wote majani. Simu iliyofungwa pajani pake ilionyesha kilele cha safari yote: ishirini.

"Nilikuwa ishirini," Muthomi alisema. "Kathambi, nilikuwa ishirini kabisa."

"Nimeona."

"Basi hakifai." Alisema kwa upole wake ule. "Usijisumbue tena. Nitamwandikia mwalimu mkuu leo."

Mtu akianguka, watu hawachelewi. Dakika tano, kona imejaa. Mama alifika akiwa ameshika kichwa, jirani yao Cicily akamfuata, na Mzee Mutugi akaja na pikipiki yake, akazima, akatazama gurudumu lililo juu.

"Mimi nilisema," alianza.

Lakini Kathambi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama nepia. Ndani ya nepia kulikuwa na mkungu wa ndizi. Kando ya mkungu, gunia la kabichi, nusu limemwagika. Na chini ya gunia, ikiwa bado imefungwa kwenye keria kwa mpira mweusi, betri ya gari yenye herufi za rangi nyeupe: MTG.

"Hizi ndizi ni za nani?" Kathambi aliuliza.

Kabichi moja ikabingirika, ikasimama.

"Ni kamkungu tu," Mama alisema. "Ka shangazi yako hapo Kianjai. Nikaona keria iko bure."

"Na kabichi?"

"Si anapita tu huko, mwari," Cicily alisema. "Kagunia kadogo. Kwani gari ikipita tupu, si ni kama kuringa?"

"Na hii betri? Mzee Mutugi, jeneza lako limeanza kubeba betri lini?"

Mzee Mutugi alisafisha koo. Alisema ilikuwa ya kuchajiwa, kwamba mwalimu alisimama mwenyewe akasalimia, kwamba si mzigo, ni betri.

"Muthomi," Kathambi aligeuka, "na wewe ukanyamaza."

"Ningesemaje? Mama ameshika ndizi."

Hapo Kathambi alijisikia masikio yakiungua. Ni yeye aliyechomelea ile keria. Amezaliwa hapa, amekulia hapa, anajua kwamba katika barabara hii keria tupu haijawahi kupita nyumba tatu bado ikiwa tupu. Hata mtoto wa baiskeli anayetumwa chumvi hurudi na kuku wa mtu. Alipima duara, akapima mwendo, akajiangusha mara tatu, na hakupima watu wake mwenyewe. Hakujua amkasirikie nani kwanza, kwa hiyo aliwakasirikia wote, yeye akiwa wa kwanza.

"Fungeni," alisema.

"Tufunge nini?"

"Kila mtu afunge mzigo wake, pale pale alipoufunga. Mzee, anza na betri yako."

Sauti aliyoitumia haikuwa ya kujibiwa. Waliinua kigari. Ubavu wa fremu ulikuwa umekwaruzwa tu. Mzee Mutugi alifunga betri, Cicily akapandisha kabichi, Mama akaweka ndizi juu kabisa akiomba msamaha, haikujulikana kwa nani. Kathambi akalipaka chokaa gurudumu la kushoto, akakipandisha kigari juu ya mteremko, akalala humo mwenyewe, akarudi kwenye kona.

Kwa kumi na nane mstari ulikatika. Gurudumu lilipaa mbele ya macho yao wote, Kathambi akaegemea ndani karibu mkono ufagie lami, kikarudi chini kwa kishindo na kabichi mbili zikaendelea na safari zao.

Alisimama. Akashusha mizigo yote kando ya barabara bila kuangalia inaangukaje. Akapaka chokaa tena.

Ishirini: mstari mzima. Ishirini na tano: mstari mzima, mweupe, kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho. Ishirini na nane, ukakatika palepale ulipokatika kwenye soko la mbuzi.

Mistari minne ilikuwa barabarani na kila mtu ana macho. Lakini aliyeisogelea ni Muthomi, juu ya magongo yake, majani bado yamo kwenye kola. Alitembea kando ya mstari wa ishirini taratibu, kama anavyotembea kati ya madawati akikagua kazi. Akafika mwisho. Akarudi kwenye ule wa mizigo, akagusa mahali ulipokatika kwa ncha ya gongo.

"Kumi na nane," alisema. "Kwa hiyo nilikuwa nimeshapitisha mbili."

"Wewe hukupitisha. Umepitishwa."

Mwalimu alifikiri. "Ifungue hiyo keria," alisema. "Jumatatu nitapita kumi na saba, ili hata wakinifungia kitu kwenye masikio nifike."

Kathambi hakufungua, kwa sababu kitu kilichochomelewa hakifunguliwi. Alitoa msumeno wa chuma kwenye mfuko wake wa spana, akapiga goti pale pale barabarani, akaanza kukata. Miguu minne ya keria, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mama yake, mbele ya Cicily, mbele ya mwenyekiti wa stage. Ilichukua karibu nusu saa. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu hakuna aliyejua kama ameruhusiwa.

"Na magongo yake ataweka wapi?" Mama aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Chini. Kando ya fremu. Mahali ambapo ndizi haikai."

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu Muthomi aliondoka. Cicily alikuwa amesimama barabarani na kijigunia. Alitazama nyuma ya kiti, akaona vigutu vinne vilivyopigwa tupa, akatafuta pembeni, akatafuta chini.

"Sasa hii yako inabeba nini?" alimuuliza.

"Mimi," Muthomi alisema, akaomba radhi, akapita.

Kathambi alikuwa kwenye kona. Aliiona shumizi ikiteremka juu ya nepia, akasikia injini ikipungua, na gurudumu la kushoto likapita mbele ya viatu vyake likiwa limeganda kwenye lami. Alisubiri mpaka bendera ikapotea upande wa shule. Saa moja kamili simu ikaleta ujumbe wa maneno mawili: Niko darasani.

Alirudi kibandani akiwa bado amenuna, kwa kuwa hasira kama ile haiondoki kwa ujumbe mmoja. Mzee Mutugi alikuwa amemtangulia. Alikuwa amesimama chini ya ukuta ambapo ile keria ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari, akiipima kwa viganja vyake.

"Mwari, hii hutumii tena?" aliuliza. "Nilikuwa naona ingekaa vizuri kwa pikipiki yangu. Juu ya ile nyingine."

Kathambi aliishusha, akaifunga kwenye jiriwa, akachukua msumeno. Aliikata vipande vinane mbele yake, bila haraka, na kila kipande kilipoanguka sakafuni alimtazama.