Spika ya Kulia

Mashine yenyewe watu wengi wanaiita sabufa tu, ingawa sabufa hasa ni lile boksi moja kubwa linalotoa besi. Boksi hukaa sakafuni, na spika zake mbili ndogo hukaa juu, moja kila upande, kila moja na waya wake. Majirani zangu kadhaa hapa Biharamulo nimewafungia mashine za namna hiyo. Mimi si fundi, kazi yangu ni kufundisha Kiswahili shule ya msingi, lakini napenda kupanga nyaya. Mtu anayefunga kwa mara ya kwanza huingiwa na hofu akiziona zimelala sakafuni kama matumbo ya mbuzi. Mimi humwambia: usiogope. Shika waya mmoja, ufuate mpaka mwisho wake, ndipo ushike wa pili.

Mashine niliyoifunga vizuri kuliko zote ni ile ya baba yangu, nyumbani kwetu Kasulo.

Baba alikuwa amerudishwa kutoka hospitali. Tuliambiwa tumpeleke nyumbani akapumzike, na kila mtu mzima anaelewa maneno hayo yanamaanisha nini. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, alihamia kwake kumtunza. Siku moja akanipigia simu.

"Baba ana ombi moja tu," alisema. "Anataka kumsikia mama."

Mama alikuwa marehemu wa miaka mingi. Alifariki kabla hatujawa na simu zinazorekodi, kwa hiyo hatukuwa na sauti yake popote isipokuwa kwenye kaseti moja ya kwaya ya parokia. Ndani ya kaseti hiyo upo wimbo ambao ubeti wa pili mama anauimba peke yake, na wanaume wanamngoja mpaka amalize. Baba alikuwa akiusikiliza ubeti huo kwenye redio ya mbao hadi redio ikafa. Sasa alitaka kuusikia mara moja kabla hajaondoka. Hakuomba kitu kingine, si padri wala chakula fulani.

Ugumu ulikuwa masikio yake. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukoboa mahindi, na sikio la kushoto lilikufa huko. La kulia lilisikia, lakini mpaka kitu kiwe karibu. Ukisimama mlangoni ukamsalimia, anaona midomo yako tu. Ukimsogelea na kumwambia "Shikamoo baba" pembeni ya shavu la kulia, anajibu "Marahaba" bila shida. Simu haikumfaa, sauti yake ni nyembamba na inakwaruza. Nikafikiria sabufa. Spika moja ndogo ingekaa kwenye stuli, karibu kabisa na sikio lake.

Ijumaa nilipitia nyumbani kuchukua kaseti, nikaendelea na basi mpaka Kabanga, kule mpakani. Kuna mama mmoja pale mwenye kibanda cha kurushia watu nyimbo kwenye simu na flashi, na ndiye pekee niliyemjua aliyekuwa bado na deki ya kaseti inayofanya kazi. Alivaa vile vifaa vikubwa vya kusikilizia, akasikiliza kaseti yote huku akiihamishia kwenye flashi. Mwisho akanivuta mkono.

"Mwalimu, hii walirekodi kwa maiki mbili. Wanawake wote wako kulia, wanaume wote wako kushoto. Unataka kumsikia mtu mmoja hapa?"

"Mwanamke. Mama yangu."

"Basi spika ya kulia ndiyo yako." Akaniangalia, akacheka kidogo. "Na uso wako nao ni wa kulia tangu ulipoingia. Nenda, utamkuta huko."

Nilirudi Kasulo na sabufa niliyoinunua hukohuko, nikiirudia ile habari kichwani ili nisiisahau. Sikio la kulia, spika ya kulia.

Jumamosi asubuhi nilianza kazi. Kiti cha baba kilikuwa ukutani, upande wa pili wa mlango, na soketi ilikuwa nyuma ya kabati la vyombo, hivyo boksi lilikaa huko. Maana yake waya wa spika yake ulipaswa kuvuka mlango. Hapo ndipo wengi hukosea: huulaza waya chini na kuufunika kwa mkeka. Baba alitembea kwa fimbo huku akiburuta miguu, angejikwaa siku ya kwanza. Nikaupandisha waya kando ya fremu ya mlango, ukapita juu, ukashuka upande wa pili, na kila shibiri moja nikapigilia klipu. Palipokuwa na nyaya mbili pamoja nilizibana kwa vile vifungio vya plastiki ambavyo vikishakaza havifunguki mpaka ukate. Ncha zilizozidi nilizikata zisimkwaruze mtu. Spika ya pili niliiweka dirishani, mbali, kwa sababu haikuwa na kazi. Ilikuwepo tu kwa kuwa zinauzwa mbili.

Ikabaki kuchomeka. Nyuma ya boksi kuna matundu mawili ya spika, moja limeandikwa herufi L na lingine R. Dada alipiga magoti nyuma ya kabati, tochi ya simu mkononi, kwa sababu mkono wake ni mwembamba kuliko wangu.

"Huu waya wa baba nichomeke wapi?"

"Kulia."

"Haya, nimechomeka. Hapa kwenye R. R ya kuria."

Nilicheka. Lugha yetu ya nyumbani ni Kihangaza, na wengi wetu tunapozungumza Kiswahili, L na R hubadilishana viti. Darasani nimeshughulika na jambo hilo maisha yangu yote.

"Dada, kulia ni kwa L. Ku-li-a. Hiyo R yako ni ya Kasulo."

"Na wewe ni wa wapi? Ulizaliwa Dar es Salaam?"

"Nilizaliwa kitanda kilekile ulichozaliwa wewe. Ila mimi nilikaa darasani."

"Haya, Bwana Darasa." Nikasikia plagi ikichomoka, kisha ikaingia tundu la pili. "Nimeweka kwenye L yako, na ule wa dirishani kwenye R. Umeridhika?"

Nikamwambia nimeridhika, nikamshukuru, nikalisukuma kabati likaziba.

Kosa liliingia hapo. Nalieleza mapema kwa sababu sitaki msomaji ahangaike kulitafuta. Herufi zile ni za Kiingereza, na kwa Kiingereza L ni kushoto, R ni kulia. Nalijua hilo. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza ningekujibu. Lakini dada aliposema "kuria", aliyejibu ndani yangu ni mwalimu wa Kiswahili mwenye kalamu nyekundu, na mwalimu huyo hakuitazama mashine hata kidogo. Dada alikuwa amepatia kwa sababu ya kukosea matamshi. Mimi nikamkosesha kwa tahajia sahihi.

Mchana tulimsaidia baba kukaa kwenye kiti. Alikuwa amevaa shati la Jumapili, sijui nani alimvalisha. Niliweka spika kiasi cha kiganja kutoka sikio lake, nikabonyeza rimoti.

Wimbo ulianza. Baba alifumba macho, kisha akatabasamu.

"Wanaume," alisema. "Nawasikia." Akaendelea kusikiliza. "Ee, huyu wa besi! Jirani yangu huyu! Alikuwa anawahi kuingia kabla ya wenzake, mwalimu wa kwaya akawa anamtupia chaki. Sikia, mpaka leo anawahi."

Tulicheka wote watatu. Nimekifikiria kicheko kile mara nyingi. Mtu anayesikia kwamba besi moja imewahi kuingia hana tatizo la sikio. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, nami nikacheka.

Ukafika ubeti wa pili. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, na masikio yangu ni mazima, kwa hiyo mama nilimsikia vizuri. Sauti ilikuwa ya binti kuliko nilivyoikumbuka. Sikufikiria imetoka upande gani. Nilikuwa namtazama baba usoni.

Alikuwa anangoja. Uso wake ulikuwa umeinuliwa kidogo, kama wa mtu aliyebisha hodi.

"Mbona wamenyamaza?" aliuliza.

Nikainama sikioni pake. "Hawajanyamaza, baba. Ni mama anaimba."

"Anaimba sasa hivi?"

"Sasa hivi. Msikilize."

Akageuza shingo, akalisogeza sikio hadi likagusa spika. Wanaume wakarudi kwenye kiitikio, akashtuka kwa ukaribu wao. Nilirudisha wimbo mwanzo. Nikaurudisha tena, nikaongeza sauti mpaka glasi zikatetemeka kabatini. Mara ya tatu dada alimshika bega, akamwinamia sikioni.

"Baba, masikio yako yamechoka. Tutajaribu siku nyingine."

"Wanaume nimewasikia wote," alisema. "Ni yeye tu." Akatazama mikono yake. "Labda hataki."

Nilijishughulisha na rimoti.

"Zima, mwanangu," alisema. "Umefanya kazi nzuri. Nyaya zako umezipanga vizuri, sijakwazwa na hata mmoja."

Jumapili nilirudi Biharamulo, wanafunzi wangu walikuwa wanaanza mitihani. Nilipanga nije tena Jumamosi, labda na mashine yenye nguvu zaidi. Alhamisi kabla ya saa sita mchana dada alipiga simu, na kabla hajasema kitu nilisikia wanawake wakilia nyuma yake.

Msibani, wanakwaya waliomba flashi ile ichezwe nje, chini ya turubai. Ilibidi nikate vifungio vyangu vyote kwa kisu, kimoja kimoja, vikawa vinadondoka sakafuni. Boksi nililitoa na plagi zikiwa palepale zilipochomekwa, na spika ya baba nikaipeleka upande wa wanaume. Ile ya dirishani nikaipeleka kwa wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilichuchumaa kuunyoosha waya wake, kwa mazoea tu, hakuna aliyeniomba.

Ubeti wa pili ukaanza, na mama akaniimbia usoni. Peke yake, safi, hakuna mwanaume hata mmoja nyuma yake.

Nilibaki nimechuchumaa mpaka akamaliza. Kisha nikaurudisha wimbo, nikatembea hadi upande wa pili, nikainamisha sikio langu la kulia kwenye spika ya baba. Wanaume. Halafu ukimya mrefu, mkwaruzo wa kaseti tu. Halafu wanaume tena, na jirani wa besi akiwahi. Mzee mmoja aliyekaa karibu alinisogezea kiti, akidhani nimezidiwa na msiba.

Kuzibadilisha kungekuwa kuchomoa plagi mbili na kuzichomeka upya. Hata uji wa baba usingepoa.

Nilimweleza dada siku ya tatu baada ya mazishi, tulipokuwa tunakusanya vitu. Alikuwa anaukunja waya kwa kuuzungusha kiwikoni, kama anavyokunja kamba ya ndoo. Nilimweleza polepole, kuanzia kwa mama wa Kabanga mpaka kwenye zile herufi, kama ninavyowaeleza watoto.

"Kwa hiyo alikuwa anasikia?" aliuliza.

"Alikuwa anasikia."

"Na mimi nilimwambia masikio yake yamechoka."

"Wewe ulichomeka pazuri, dada. Mimi ndiye niliyekutoa."

Nilingoja aniambie kitu, hata matusi. Aliendelea kuzungusha waya hadi ukaisha.

"Nilidhani wewe ndiye unayejua," alisema.

Aliomba mashine ibaki kwake. Nikaifunga upya siku hiyohiyo, bila klipu wala vifungio, nyaya zikilala sakafuni kandokando ya ukuta. Kama nawe unafunga yako, nakushauri ufanye hivyo kwanza. Iache wazi siku mbili tatu, kaa mwenyewe mahali atakapokaa mtu unayemfungia, usikilize kutoka hapo. Kupanga nyaya kutakungoja.

Nilikata vipande viwili vya tepu nyeupe na kuchukua kalamu. Kimoja nikaandika KUSHOTO. Cha pili nikaandika KURIA, nikakibandika kwenye waya ulioingia kwenye R.

Dada alikisoma kwa tochi ya simu.

"Mwalimu," alisema, "hapa si umekosea?"

"Iache hivyohivyo."

Aliivuta stuli, akaiweka pale kilipokuwa kiti cha baba, spika akaipakata magotini. Nikabonyeza rimoti. Wanaume walikuwa mbali dirishani, hatukuwajali, tukangoja ubeti wa pili.