Damu Iliyosahau Ziwa

Siku ile ya gari la samaki naikumbuka hata leo, mwanangu, na nikisikia mtu akisema "mimi ni mwana wa ziwa, mbu wananijua," moyo unaniruka. Hebu sogea hapa. Umefika juzi kutoka Nairobi, baada ya miaka mingi huko, na nimeambiwa neti umeisukuma kando kwa sababu ya joto. Jana nilinyamaza, maana mgeni hagombezwi siku ya kwanza. Leo nitasema.

Mimi ni Mkuria wa huko Migori, karibu na mpaka. Mzee wangu Odhiambo ni wa hapa hapa kisiwani Rusinga. Tulikutana Limuru kwenye mashamba ya chai, kila mmoja ameifuata kazi, tukaoana kule kule kwenye baridi. Mimi sikujua Kijaluo, naye Kikuria hakijui mpaka leo, basi nyumba yetu ikasema Kiswahili. Ndiyo maana nakugombeza kwa Kiswahili. Odhiambo alikuwa ameondoka kwao ndevu ndiyo kwanza zinaota, na alikuwa hajarudi. Si kwamba alikataa kwao. Kila Desemba alisema mwakani, na mwakani ikifika alisema hivyo hivyo. Baba yake alimtumia salamu kwa kila mtu aliyesafiri: mwambieni nataka kumwona. Ndipo mwaka mmoja, katika ile miaka ya tisini, badala ya salamu ikaja habari ya kifo.

Tulipokuwa tunafunga safari, nesi wa dispensari ya shamba alitupa vidonge vya kukinga malaria, akatuambia tumeze kila siku tukiwa kule na hata tukisharudi. Mimi nikameza. Odhiambo akacheka, akamwambia yule mama wa watu, "Mimi nimenyonya maziwa ya mama huku mbu nao wakininyonya. Wale ni jamaa zangu." Nami nikacheka, nani asingecheka? Sikio la kufa halisikii dawa, na kumbe mimi nilikuwa nimeolewa na sikio lenyewe.

Mazishi huku hayaharakishwi, unajua. Marehemu alilazwa mochari mjini Homa Bay tukiwangoja jamaa wa mbali. Nyumbani watu walikesha nje kando ya moto, na Odhiambo, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alilala nje kuliko wote. Mimi nililala ndani na wanawake, na neti yangu niliyokuja nayo. Walinicheka hadi wakachoka. "Nyar Kuria," yaani binti wa Wakuria, ndivyo walivyoniita, "sisi wavu tunavulia samaki, wewe umeingia mwenyewe."

Wiki ya pili Odhiambo akaanza kulalamikia kichwa na viungo. Tukasema ni huzuni. Akakosa hamu ya samaki, yeye anayekula mpaka kichwa, tukasema bado ni huzuni. Akanunuliwa vidonge dukani, akavitapika. Asubuhi moja nikamkuta ameketi anazungumza na baba yake, anamwomba radhi, na mimi akaniita kwa jina la dada yake. Macho yalikuwa ya manjano, na mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Baba yake mdogo, mzee wa sauti nzito aliyekuwa akisimamia matanga yote, akasema kwa upole, "Mwacheni. Anapatana na baba yake. Wana mengi ya kuambiana." Watu wakaitikia, maana yalikuwa maneno mazuri. Mwanangu, maneno mazuri nayo yanaua.

Kisha mwili ukamkakamaa, akajiuma ulimi, damu ikamtoka mdomoni. Hapo sikungoja ruhusa ya mtu. Gari la samaki lilikuwa linapita kwenda Homa Bay, nikaenda kusimama katikati ya barabara nikiwa peku. Dereva alianza kunitukana, akamwona mgonjwa amebebwa nyuma yangu, akasogeza makasha ya barafu. Tukasafiri hivyo, mimi na mume wangu na sangara.

Hospitalini daktari alikuwa kijana tu. Aliuliza mgonjwa ametoka wapi, nikasema Rusinga.

"Na kabla ya Rusinga?"

Nikamwambia ya Limuru na miaka yote ile. Akaweka kalamu chini. "Mama, huyu si wa Rusinga tena. Mwili unaoishi na malaria hujifunza kupigana nayo, lakini ukikaa mbali miaka mingi unasahau. Damu yake imesahau. Nitamtibu kama mzungu aliyeshuka jana kwenye ndege."

Wakampima, vijidudu vimejaa tele. Akatundikiwa dripu ya kwinini katika maji ya sukari, tone kwa tone. Siku hizi nasikia wana sindano bora zaidi, hayo ni yao madaktari, lakini wakati ule ilikuwa kwinini. Sista akanionya nisiiguse dripu, maana dawa ile ikiingia mbio inaweza kuusimamisha moyo. Akaniambia pia nikiona jasho la ghafla, au akiacha kuitika, nimwite upesi, kwa sababu ugonjwa na dawa vyote viwili humaliza sukari mwilini. Na ikatokea. Nilikuwa nampangusa uso, mara jasho likamtoka kama mtu aliyetoka kulima, namwita haitiki. Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Sista akaja na bomba la sukari, akaisukuma kwenye mshipa polepole, na kabla hajamaliza mume wangu akafungua macho akauliza kama kuna uji. Nililia, wala sioni haya kukuambia. Nililia nikamkoroga uji kwa sukari nyingi mpaka mama wa kitanda cha jirani akaniuliza kama nina duka.

Siku iliyofuata alikuwa na akili zake, lakini hana nguvu hata ya kukaa, na masikio yanamvuma kwa kwinini, huwezi kumwambia neno bila kupaza sauti. Daktari akasema dripu bado, na zikiisha kuna vidonge, na mtu asidanganyike na macho yaliyofunguka. Basi siku ile ile ndiyo jamaa walikuja kumchukua marehemu mochari. Walikodi pikapu, kwaya ikapanda, jeneza likapakiwa. Kisha baba mdogo akaingia wodini na wanaume wawili.

"Tumemfuata mtoto," akasema. "Baba hazikwi na kifungua mimba yuko mjini. Mwacha mila ni mtumwa. Tutamrudisha jioni."

Sista akasema hilo haliwezekani. Lakini Odhiambo, ingawa hakusikia, aliona vitambaa vyeusi mikononi mwao, akaelewa, akaanza kubandua plasta ya dripu. "Sikumwona akiwa hai," akasema. "Siwezi kumkosa mara mbili."

Nilijua nikimwachia atakufa kwenye ile barabara ya vumbi. Nilijua kabisa. Lakini mimi nilikuwa nani? Mke wa kuja, kijana, kabila jingine, hata jikoni kwao sijakuzoea. Nikaanza kukunja nguo zake.

Ndipo akaingia dada mkubwa wa marehemu, shangazi yake Odhiambo, ambaye kwa Kijaluo wanamwita waya. Alikuwa ameketi mbele kwenye pikapu, akaona wanachelewa, akashuka. Mwanamke mfupi, amefunga leso kiunoni.

"Nyar Kuria, unakunja nini?"

"Nguo, waya."

"Mume huyu ni wako au ni wangu? Rudisha nguo."

Nikarudisha upesi. Akamgeukia mdogo wake, wala hakupaza sauti. Akasema kaburi nyumbani limechimbwa moja, na kama yeye analitaka la pili, ashike jembe achimbe mwenyewe. Baba mdogo akajitetea kwamba watu wamekusanyika na ng'ombe ameshachinjwa.

"Basi wamle," akasema waya. "Ni nani umewahi kumwona akikataa nyama kwa sababu mazishi yamesogezwa? Ndugu yetu alimngoja kijana huyu miaka yote akiwa hai, tena akiwa mgonjwa, na hakulalamika. Leo amelala, hana njaa, hana baridi. Ana haraka gani? Mrudisheni mochari."

Kisha akainama sikioni mwa Odhiambo, akashika ule mkono uliokuwa umeng'ang'ania plasta, akamwambia kwa sauti kubwa wodi nzima ikasikia, "Baba yako atakungoja. Amezoea."

Mume wangu alilia kama mtoto, na mkono ukaachia dripu. Hata baba mdogo alijifanya anatazama dirishani.

Jeneza likarudi mochari, kwaya ikarudi nyumbani na ng'ombe akaliwa, kama alivyosema waya. Odhiambo alimaliza dripu, akamaliza na vidonge, kwa mara ya kwanza bila mzaha. Tulipokwenda kuzika alishuka garini amenishika bega, akaketi kwenye kiti, na ulipofika wakati wa udongo akasimama mwenyewe akautupa. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku hiyo, akiwa amekonda vile, suruali imefungwa kwa kamba. Masikio nayo yalipona, yakarudi mazima kabisa, ila nikimwita apasue kuni bado hayasikii.

Sasa nisikilize, mwanangu, na uwaambie wenzako wanaokuja Krismasi. Nyumbani ni kwako, lakini mbu wa hapa hawana habari na jina la babu yako. Ukikaa mbali, damu inasahau, basi njoo kama mgeni: uliza daktari dawa ya kukinga kabla hujapanda gari, na ulale ndani ya neti hata kama joto litakutoa roho. Homa ikikushika, iwe hapa au hata wiki kadhaa baada ya kurudi Nairobi, usiiite huzuni wala uchovu wa safari. Nenda hospitali upimwe damu, na useme kwa kinywa chako ulikotoka, kwa sababu daktari wa kule kwenye baridi hawezi kuliona ziwa usoni mwako. Ukianzishiwa dawa, imalize, hata ukijisikia nafuu. Na siku ukimwona mwenzako anaongea na asiyekuwepo, usikae kutafuta maana yake. Tafuta gari. Mila ni zetu na tunazipenda, lakini zinatunzwa na walio hai.

Haya, nimemaliza kukugombeza. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe nyumba yenye vicheko na uzee wa kusumbua wajukuu. Na sisi wazee atujalie neema hii moja tu: ninyi mtuzike, tusiwazike sisi. Amina.