Tupa ya Lavonne

Kitabu cha sheria za mashindano yetu ya bastola nimekihifadhi kichwani. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye meza ya ukaguzi ya klabu yetu huku Iowa, nikipima bastola za watu kwa mizani na kuziingiza katika kisanduku cha mbao cha kupimia ukubwa. Isiyoenea haimo kwenye daraja. Kwa hiyo ninaposema kuna sheria moja ya kipumbavu humo ndani, sisemi kwa kutojua.

Lavonne Tietjen alikuwa na miaka sitini na tatu mwaka ule. Ishirini na tisa kati ya hiyo aliimaliza kwenye kiwanda cha nguruwe, akikata mashavu ya vichwa vinavyopita mbele yake vikining'inia, kichwa baada ya kichwa, kwenye baridi ya kugandisha mafuta. Kiwanda kilimpa saa ya ukutani na mkono wa kulia ulioharibika. Kiungo cha kati cha kidole chake kirefu kilivimba kikawa kama kokwa la pichi. Daktari alishampangia upasuaji wa Oktoba wa kukikaza, na kikikazwa hakikunjiki tena. Maana yake huo ulikuwa msimu wake wa mwisho wa kulenga shabaha, na alijua, na sote tulijua.

Alitaka kitu kimoja tu. Mshindi wa Daraja la Kiwanda katika mashindano ya jimbo ndiye anayepata nafasi ya kwenda mashindano ya taifa. Nafasi ni moja. Miaka kumi na tisa alikuwa ameikosa, mara mbili kwa alama zisizofika kumi.

Daraja la Kiwanda ni la bastola za kawaida, kama zilivyotoka dukani. Unaruhusiwa kubadilisha vyuma vya juu vya kulengea, kuweka springi nyingine, kulainisha vyuma vya ndani, kubandika utepe wa kukwaruza kwenye mpini ili mkono usiteleze. Huruhusiwi kupunguza chuma cha nje, hata kiasi cha unywele. Ukitaka kukata na kutoboa nenda Daraja la Wazi, kwenye bastola zenye vioo vya kulengea vya nukta nyekundu na matundu ya kupunguza mrusho, zinazoonekana kama vifaa vya hospitali.

Shida ya Lavonne ilikuwa ule mkingo wa chuma unaozunguka kifyatulio. Pale unapokutana na mpini ndipo kidole kirefu kinapokaa, na kila risasi ikitoka chuma kilimgonga kwenye uvimbe. Nimemwona akimaliza mazoezi damu inamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono, naye anaifuta kwa kitambaa cha kufutia bastola na kuuliza nani ana kahawa.

Basi wakati wa baridi alikaa mezani jikoni kwake na tupa laini. Akaisugua ile pembe ya chini ya mkingo mpaka ikawa na kijishimo cha kukaa kidole. Akapiga msasa, akaipaka rangi nyeusi. Kule kwenye kiwanda cha nguruwe kila mtu huchonga mpini wa kisu chake wiki ya kwanza. Asiyechonga hafiki wiki ya tatu. Hakuna anayeomba ruhusa, na hakuna anayeona kuwa amefanya jambo. Lavonne naye hakuona.

Siku ya mashindano ya jimbo alinipa bastola yake nikaikagua. Kile kijishimo nilikiona, na Mungu ananijua, nilidhani bastola ilitoka nacho dukani. Kilikuwa safi mno. Nikapiga muhuri.

Aliyemfuata mezani alikuwa Craig Sundermann, daktari wa meno. Bastola yake ilikuwa na mkingo uliokatwa ndani mara mbili ya ule wa Lavonne, kifyatulio laini kama siagi, na uzito ulioongezwa mbele ili isiruke. Yote halali, kwa sababu kiwanda cha bastola ndicho kilichoikata, na kiwanda kinaiuza hivyo kwa bei ya gari lililotumika. Nikapiga muhuri vilevile.

Ilipofika saa sita vituo vinne kati ya sita vya kupigia shabaha vilikuwa vimekwisha, na Lavonne alikuwa anaongoza. Sundermann wa pili. Kina mama wa kanisa la Kilutheri walituuzia mikate ya nyama ya nguruwe iliyokaangwa, na Lavonne, kama kawaida yake, akakataa.

"Hao nimeonana nao vya kutosha," alisema, akachukua saladi ya viazi.

Baada ya kula, Duane Brekke, mkurugenzi wa mashindano, alimkuta kwenye meza ya usalama, mahali pekee unaporuhusiwa kushika bastola tupu. Mke wa Duane, Joyce, naye ana baridi yabisi ya vidole.

"Vonnie, hebu nione. Wameanza lini kuikata hivi? Nimtafutie Joyce moja."

"Wameanza nani?" Lavonne akacheka kwa fahari. "Ni mimi, bwana! Tupa yangu, jikoni kwangu. Mlete Joyce, nitamfanyia nusu saa tu."

Duane akaiweka bastola mezani taratibu. Mimi nilikuwa kando yao. Sundermann, aliyekuwa anafuta bastola yake upande wa pili wa meza, alikuwa amesikia yote.

"Merle," aliniambia, "sina ubaya na Vonnie, unajua. Nampenda sana. Lakini sheria si ni sheria?"

"Craig, kidole chake umekiona?"

"Nimekiona. Pole yake. Naomba karatasi ya malalamiko."

Nilimpa. Ningeweza kumwambia zimekwisha. Ningeweza kujitia sikusikia. Nilimpa, na kalamu nikampa, na hilo sijajisamehe.

Duane alisoma kifungu mara tatu kana kwamba kingebadilika. Kisha akamwita Lavonne pembeni, mimi nikiwa shahidi.

"Umepunguza chuma cha nje, Vonnie. Lazima nikuhamishie Daraja la Wazi. Na matokeo yako ya asubuhi yanahamia huko huko."

"Sijaongeza kitu, Duane. Nimetoa."

"Ndiyo hilo lenyewe."

"Ya Craig imekatwa kuliko yangu."

"Ya Craig imekatwa na kiwanda."

"Kwani kiwandani hakuna watu?" alisema Lavonne. "Nimekaa kiwandani miaka ishirini na tisa. Kuna watu!"

Duane akakifunga kitabu cha sheria. Kitabu hakina jibu. Kimeandikwa ili mwenye fedha asimshinde asiye nazo kwa vifaa, halafu kinamwambia mwenye fedha anunue, na asiye nazo kinamwambia weka tupa chini. Huo ni usawa gani? Nimeuliza swali hilo kwenye mikutano mitatu ya jimbo, nikaambiwa limepokelewa.

Nilidhani atafungasha aende. Alipiga vituo viwili vilivyobaki na bastola yake ya kawaida, katikati ya wanaume wenye bastola za vioo, na kituo cha mwisho alikipiga vizuri kuliko vyote vya asubuhi. Katika Daraja la Wazi akawa wa thelathini na moja kati ya thelathini na wanane. Angeachwa mahali pake angeshinda, na kwa mbali. Nafasi ya taifa ilikwenda kwa Sundermann.

Tulikuwa tunakunja meza Sundermann alipomfuata Lavonne garini kwake, ngao ya ushindi kwapani.

"Vonnie, hakuna kinyongo, sivyo?" alisema. "Sikiliza, ninayo nyingine ya Daraja la Wazi nyumbani. Kule kukata kunaruhusiwa. Ile kazi yako ni safi, sijaona fundi anayekata vile. Hebu nifanyie na mimi."

Nilisimama na kisanduku changu cha mbao mkononi, nikitamani kumtupia.

"Nipe mkono," alisema Lavonne.

Akampa wa kulia. Lavonne akaugeuza juu, akaugeuza chini, akavikunja vidole kimoja kimoja na kuvikunjua, bila haraka, na vyote vilikunjika.

"Mzima huu, Daktari," alimwambia, akamrudishia. "Unataka kukata cha nini?"